Mangi wa Kitabu na Mangi wa Filamu

Niseme mapema kwamba mimi sina ugomvi na sinema. Nimefundisha Kiswahili hapa Gongoni miaka kumi na tisa, na nimewaona wanafunzi wengi walioanza kupenda hadithi kwa kuitazama kabla ya kuisoma. Kwa hiyo atakayesema Mwalimu Masha ni mzee wa vitabu anayechukia sinema atakuwa amenisingizia. Ugomvi wangu ni na sinema moja tu, na ni kwa sababu ya jirani yangu Kahonzi, mjane wa marehemu Mangi.

Kahonzi huuza chai na mahamri karibu na stendi, kwenye kibanda chenye mlango wa buluu. Ana ulimi mkali. Mteja akilalamika kwamba chai haina sukari humjibu, "Sukari imo, ni wewe uliyezoea kubembelezwa," na mteja hucheka akanywa. Kabla ya chai alikwangua chumvi kwa miaka ishirini na miwili kwenye mashamba ya chumvi ya hapa, na mikono yake bado inasema hivyo. Zile nyufa za vidoleni hazikuziba. Hata leo akikamua ndimu hukunja uso.

Kwa asiyejua kazi ya chumvi nitaeleza kwa kifupi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa makubwa, yakaachwa juani yapungue na kukolea. Yakishakuwa makali ya kutosha hufunguliwa mlango, yakashuka kwenye vitalu, na huko ndiko chumvi hukaa chini nyeupe ikingoja kukwanguliwa. Baina ya mabwawa na kambi ya wafanyakazi kuna tuta la udongo. Mangi, mumewe Kahonzi, ndiye aliyekuwa mlinzi wa milango hiyo.

Mwezi wa Mei, mwaka ambao mtoto wao Fondo alikuwa na umri wa miaka tisa, mvua ilinyesha siku nne mfululizo na bahari ikajaa bamvua, maji yake makubwa kabisa. Alasiri ya siku ya nne jua lilitoka, lakini bwawa la juu lilikuwa limefurika na tuta limeanza kutoa jasho upande wa kambi. Watoto walikuwa majumbani, Fondo akiwa mmoja wao, amelala na homa. Mangi aligonga rimu kuukuu la lori lililokuwa likining'inia pale kama kengele, akagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuja mkubwa yeyote. Basi akafungua mlango, maji yote ya bwawa yakashuka juu ya vitalu vilivyokuwa vimeiva, na chumvi ya wiki sita iliyokuwa imestahimili mvua ikayeyuka mbele ya macho yake.

Tuta halikuvunjika. Msiba wa Mangi ulianzia hapo, maana tuta lililosimama halimtetei mtu. Wakubwa walikuja kesho yake wakaona tuta zima na vitalu vitupu. Wakaandika kwamba mlinzi alilala, akaamka kwa pupa, akafungua mlango bila kuangalia ni upi. Alifukuzwa. Pale kambini, wale wale ambao watoto wao walikuwa hai walianza kumwita Mangi Usingizi, kwa sababu malipo ya msimu ule yalikuwa yameyeyuka pamoja na chumvi. Aliishi miaka minne baada ya hapo, kisha akafa, na jina lile likabaki.

Lilibaki kiasi kwamba Fondo alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume hakumpa jina la babake. Kwetu Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Ndivyo aliyekufa anavyorudi mezani, akaitwa kula, akatumwa dukani, akagombezwa. Fondo akamwita mwanawe Ngumbao, jina la mjomba. Mwezi mzima ule mahamri ya Kahonzi yalikuwa hayaumuki.

Sasa nimtaje Damaris. Alikuja kutoka bara miaka minane iliyopita, mkemia, akaajiriwa maabara ya pale mashambani. Siku moja akiwa kibandani alimsikia Kahonzi akijigamba kwamba anaweza kujua ukali wa maji ya chumvi kwa ulimi. Damaris akaleta chupa tano kutoka vitalu mbalimbali pamoja na kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kahonzi akaonja tone tone, akatema, akataja namba. Alikosea moja tu, na ile pia kwa digrii moja. Tangu siku hiyo wakawa mtu na mwanawe. Damaris alikuwa haingii kibandani bila kusema shikamoo, na Kahonzi humjibu, "Marahaba mwanangu," huku akimchagulia hamri lililoumuka zaidi.

Damaris ndiye aliyekuta katika kabati la maabara daftari la vimo vya maji la mwaka ule. Siku ile ya Mei, saa tisa na nusu, maji yalikuwa yamebakiza upana wa vidole viwili kufika ukingo wa tuta. Mwandiko ulikuwa wa Mangi mwenyewe. Kahonzi alilia hadharani, na si mtu wa kulia hadharani.

Kutokana na daftari lile Damaris aliandika riwaya, *Tuta la Mirihi*. Ni hadithi ya kubuni ya sayansi, lakini msitarajie madubwana yenye macho matatu. Watu wamehamia sayari ya Mirihi, na maji pekee waliyo nayo ni ya chumvi, tena chumvi yenye sumu kama wanasayansi wanavyotuambia. Kurasa nne nzima watu wanafua maji hayo, kuyatoa chumvi na sumu, na hakuna kingine kinachotokea. Mimi niliyefeli kemia nilizisoma nikiwa nimeshika pumzi. Mhusika mmoja anaonja maji kwa ulimi akitema kila mara, na pale Gongoni tulijua huyo ni nani. Na kuna mlinzi wa milango anayeitwa Mangi.

Damaris aliuliza kama abadilishe jina. Nilikuwepo. Kahonzi alimwambia, "Jina ndilo hasa ninalokupa. Mengine buni utakavyo."

Katika kitabu, Mangi anafungua mlango na kumwaga maji safi ya miezi saba ili ukuta wa mabweni usipasuke. Ukuta haupasuki. Anahukumiwa kwa uzembe, anakufa akidharauliwa, na miaka kumi na mmoja baadaye fundi mmoja akibandua rangi anakuta ndani ya ukuta ufa wenye upana wa ukucha, umeishia pale pale ulipoishia siku ile. Hilo liko ukurasa wa mia moja arubaini na moja. Kahonzi alisoma mpaka darasa la nne, na husoma akifuata kwa kidole. Alikipa kitabu kile jalada la khaki kama daftari la shule, na ukurasa ule ulikuwa umejaa alama za mafuta ya mahamri. Mimi niliwasomea wafanyakazi wa chumvi sura kwa sura wakati wa mapumziko ya mchana. Siku tulipofika kwenye ule ufa, mzee mmoja aliyekuwa kambini mwaka ule aliinuka, akavuka barabara mpaka kibandani, akamwambia Kahonzi, "Mama Fondo, tulimkosea mumeo." Akaagiza chai, akainywa amesimama.

Fondo naye alisoma. Yeye hufanya kazi Mariakani, kwenye kiwanda cha maziwa. Alikuja Jumamosi moja, macho mekundu, akamwambia mamake kwamba Purity, mkewe, ni mjamzito, na mtoto akiwa wa kiume ataitwa Mangi. Kahonzi alizunguka nyuma ya nyumba. Huko kuna koma, kigingi cha mti alichosimikiwa marehemu. Jumapili Kahonzi ni Mkristo asiyekosa ibada, lakini siku nyingine huwa hawasahau waliotangulia, na mimi si wa kumhukumu. Alimwaga pombe ya mnazi kidogo chini, akamwambia mumewe kwamba jina lake linarudi.

Ndipo ikaja habari ya filamu. Kampuni moja ya Nairobi ilinunua hadithi, na ikaamua kupiga picha kwenye mabonde mekundu ya Nyari, kule Marafa, kwa sababu yanafanana na Mirihi. Tulifurahi sote, sitakataa. Nilijiona nimeshakuwa mhakiki mkubwa.

Kijana wa kuigiza Mangi aliitwa Eugene. Damaris, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Nairobi, alimtumia Kahonzi ujumbe: ampokee, amfunze Mangi alivyokuwa, na kama kofia yake bado ipo, amwazime. Eugene alikaa siku sita. Alikuwa mtoto mwenye adabu, huo ni ukweli, akiosha sahani aliyolia chakula. Kahonzi alimfundisha kutembea kwa ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, kwa sababu Mangi alikuwa na kidonda cha chumvi kisigino kisichopona. Akamfundisha kugonga kipimo mara mbili kwenye ukucha wa kidole gumba kabla ya kukitia majini. Akamfundisha hata mluzi. Jioni ya siku ya tano nilimwona Eugene akivuka uwanja na nywele zikanisimama, maana nilimfahamu Mangi.

Kofia ilikuwa ya miyaa iliyosukwa, imekatika ukingo. Kabla ya kuitoa Kahonzi alikwenda tena nyuma ya nyumba na mnazi wake. "Nimemwambia inakwenda kazini," alinieleza. "Kitu cha mtu hakitoki bila mwenyewe kuambiwa."

Filamu ilipokamilika waliileta Gongoni ionyeshwe bure, ukumbi wa kanisa, mchana, madirisha yamezibwa kwa maturubali. Kahonzi alikaa mstari wa mbele na leso mpya. Damaris hakuja. Alituma ujumbe kwamba amebanwa na kazi.

Dalili ya kwanza ilikuwa jina. Kitabu ni *Tuta la Mirihi*. Pale ukutani pakaandikwa *Msaliti wa Mirihi*. Nikajiambia labda ni biashara tu, watu wa sinema wanapenda majina yenye pilipili.

Mabonde ya Nyari yalipendeza mpaka watu wakapiga makofi. Halafu nikaanza kuhesabu vilivyokosekana, kama mwalimu asahihishaye insha. Kurasa nne za kufua maji zimekuwa mashine moja yenye vitufe vya kumetameta. Mwanamke wa kuonja maji hayupo kabisa, kazi yake amepewa kompyuta yenye sauti ya upole. Rimu la kugonga halipo. Badala yake juu ya mlango kuna taa nyekundu inayozunguka, na king'ora. Damaris alikuwa ameeleza kwa uangalifu kabisa kwa nini mabweni yale yasingekuwa na king'ora siku ile, maana umeme ulikuwa umekatwa kuokoa betri. Filamu haina shida na betri. Kila kitu kinawaka.

Kisha akaingia Mangi. Alitembea kwa ukingo wa mguu. Aligonga kipimo kwenye ukucha mara mbili. Kofia ya miyaa kichwani, imekatika pale pale. Kahonzi alinishika mkono akaukamata hivyo hivyo, na nikahisi furaha yake vidoleni.

Mangi huyo akakutana kwa siri na wajumbe wa koloni hasimu. Akapokea kifurushi. Akarudi zamuni, akavuta kofia ya mumewe Kahonzi usoni, akalala. Taa nyekundu ikazunguka, king'ora kikalia, akaamka na kufungua mlango kama alivyolipwa kufungua. Na ukuta ukapasuka. Ulipasuka vizuri sana, kwa fedha nyingi, na watoto wakafa mmoja mmoja huku muziki ukilia. Mhandisi mzuri wa sura akaja kuwaokoa waliobaki. Ule mluzi, mluzi ambao Kahonzi alimfundisha kijana yule akiwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni, uliwekwa mwisho kabisa, ili tujue msaliti yu hai na sehemu nyingine yaweza kufuata.

Ingekuwa sinema mbovu ningesinzia nikaenda zangu. Ilikuwa nzuri. Watu wa nyuma walipiga kelele za kumlaani Mangi kwa jina, na miongoni mwao walikuwemo niliowasomea ukurasa wa mia moja arubaini na moja. Kahonzi alikuwa ameshauachilia mkono wangu. Alitoka akiwa amenyooka, na nje vijana wakawa wanatembea kwa ukingo wa mguu, wanacheka.

Alimpigia Damaris siku hiyo hiyo, kibandani, akaweka simu mezani yenye sauti wazi nami nisikie.

"Mama Fondo, shikamoo."

Kahonzi hakuitikia. Sijawahi kumwona mtu wa pwani akimwachia mwenzake shikamoo mkononi namna ile.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua nini, mama?"

"Usinizungushe, Damaris."

Kisha Damaris akaanza kueleza, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amejiandaa. Mswada wa filamu aliletewa mwaka jana. Aliwaambia si sawa. Wakamwambia filamu ni kitu kingine. "Mama, kitabuni naweza kumweleza msomaji jambo ambalo halikutokea, akaogopa. Kwenye sinema hawawezi kumkalisha mtu saa mbili atazame ukuta usiovunjika. Ndivyo walivyosema."

"Eugene alipokuja kula ugali wangu siku sita, wewe ulikuwa ushasoma?"

"Nilikuwa nimesoma."

"Na ukaniambia nimpe kofia."

"Mama, nilidhani... nilifikiri watabadilisha mbele ya safari."

"Jina je? Walikuuliza jina?"

"Waliniuliza." Sauti ya Damaris ilishuka. "Niliwaambia mwenyewe ulitaka libaki."

Kahonzi alikata simu. Akageuza mahamri yaliyokuwa yakiungua, akayatoa, akayamwaga yote kwenye ndoo ya kuku. Mimi nilijaribu kusema kwamba kitabu bado kipo, maandishi hayafutiki, na maneno mengine ya walimu. Aliniuliza ni watu wangapi Gongoni wamekisoma kitabu. Nikasema labda arubaini, ukiwahesabu niliowasomea. "Na leo ukumbini walikuwa wangapi?" Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Wiki mbili baadaye Purity alijifungua mtoto wa kiume. Kahonzi aliniomba nimsindikize Mariakani na nibebe kitabu. "Fondo alikuwepo," aliniambia. "Yeye si kama hawa. Alilala katika nyumba ile. Lakini msomee tena ule ukurasa, apate nguvu ya kuwajibu watu."

Tulifika saa tano. Purity alitukaribisha vizuri, akamweka mtoto mapajani mwa Kahonzi. Mtoto alikuwa mweusi wa kung'aa, mwenye mikunjo shingoni. Kahonzi alimtazama kitambo, akasema kwa sauti ya kuchekesha, "Haya mume wangu, wamekulisha?" namna bibi anavyomtania mjukuu mwenye jina la mumewe.

Fondo alikohoa. "Mama, tumemwita Ziro."

Ziro ni babake Purity. Ni jina zuri na mwenyewe ni mzee wa heshima. Purity alitazama sakafu.

"Uliniambia Mangi," alisema Kahonzi.

"Ni kabla ya ile filamu. Mama, kiwandani wananiita mtoto wa msaliti. Nitampachikaje mtoto mchanga mzigo huo?"

"Ni filamu, Fondo. Wewe unajua yaliyotokea. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, ndiyo." Alijipangusa uso kwa viganja. "Na tangu niione nimekuwa nikikumbuka. Nimekumbuka mengi, mama, hata yale niliyokuwa nimeyasahau. Baba alikuwa amelala. Nakumbuka ule mlio. Nakumbuka ile taa nyekundu juu ya mlango ikizunguka, na mwanga wake unapita ukutani kwetu, unapita tena."

Nilikuwa nimeshafungua ukurasa. Kidole changu kilikuwa juu ya mstari wa kwanza.

"Taa gani?" aliuliza Kahonzi.

"Ya mlangoni. Nyekundu. Mama, niliiona kwa macho yangu."

Kahonzi hakupandisha sauti. Alimweleza mwanawe pole pole, kama anayemlisha mgonjwa uji, kwamba ilikuwa alasiri, jua limewaka baada ya mvua. Kwamba milango ile haikuwahi kuwa na taa, nyekundu wala nyeupe. Kwamba mlio alioujua ni rimu la lori, na kwamba babake aliligonga mpaka akashindwa kushika kijiko usiku ule. Fondo alimsikiliza kwa adabu yote. Alipomaliza akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwonea mzee wake haya.

"Wewe ulikuwa vitaluni, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani."

Nikafunga kitabu. Nilikuwa na hasira ya kumzaba kofi mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini ningempiga kwa kosa gani? Hakuwa akidanganya. Alikuwa akisema anachokiona.

Kahonzi alimrudishia Purity mtoto, akamwambia Ziro ni jina jema, Mungu amkuze. Tulikula wali, tukaaga, tukarudi.

Tulipofika kwake aliingia ndani akatoka na kibuyu cha mnazi. Akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa mbali, kwani sikutaka awe peke yake. Alisimama mbele ya kile kigingi. Kibuyu alikuwa amekiinamisha, lakini hakumwaga.

"Nilimwambia kofia inakwenda kazini," alisema bila kugeuka. "Nilimwambia jina linarudi. Sasa nimwambie nini, Mwalimu?"

Nilisimama pale na kitabu kwapani. Kisha akakiziba kibuyu, akarudi nacho ndani.